Ramani ya Dhahabu na Ramani ya Ruzuku: Historia ya Ushirikiano wa Asasi za Kinga ya VVU Shinyanga na Geita, 1990–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna asasi zisizo za kiserikali zilivyoshirikiana katika kuzuia maambukizi ya VVU mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi mwaka 2025. Imetegemea matokeo ya tafiti zilizochapishwa, tafiti za kitaifa za viashiria vya UKIMWI, pamoja na sheria na sera za nchi. Hoja yake kuu ni kwamba ushirikiano ulikuwa na nguvu pale asasi zilipogawana kazi mahali pamoja na kwa watu walewale, na ulidhoofika kadiri ulivyogeuka kuwa mlolongo wa mikataba ya ruzuku. Mikataba hiyo ilifuata mipaka ya mikoa na muda wa miradi, ilhali wachimbaji na wanawake wanaowahudumia walifuata dhahabu. Kusitishwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025 kumeifanya tofauti hiyo kuwa suala la uhai wa watu.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Shinyanga mjini hupita Tinde na Isaka kabla ya kufika Kahama. Kutoka hapo njia moja huelekea Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, na kuingia Geita. Nyingine hupita Masumbwe na Ushirombo kuelekea mpaka wa Rwanda. Kwa mchimbaji mdogo, mfanyabiashara wa dagaa, dereva wa lori na mama ntilie, eneo hili lote ni moja. Anayesikia kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani hufunga mzigo wake na kuhama, bila kujali kama anatoka mkoa mmoja na kuingia mwingine. Kwa mashirika yaliyokuja kuzuia VVU, hata hivyo, eneo hilohilo limekuwa likikatwa vipande kwa mipaka ya mikoa, wilaya na miradi.

Maandishi mengi kuhusu mapambano dhidi ya UKIMWI nchini Tanzania huutaja ushirikiano wa wadau kuwa jambo jema lisilohitaji kuhojiwa. Ripoti huhesabu idadi ya wabia, mikutano ya uratibu na hati za makubaliano zilizotiwa saini. Insha hii inachukua njia tofauti: inauliza ushirikiano huo ulimaanisha nini katika kila kipindi, nani aliuanzisha, na ulimfikia nani.

Kwa ajili hiyo, insha inatofautisha sura tatu za ushirikiano. Ya kwanza ni ushirikiano wa kugawana kazi, ambapo asasi mbili au zaidi hufanya kazi mahali pamoja, kila moja ikileta ujuzi wake. Ya pili ni ushirikiano wa ruzuku, ambapo shirika kubwa hupokea fedha na kuzigawa kwa asasi ndogo kwa masharti ya mkataba. Ya tatu ni ushirikiano wa uwakilishi, ambapo vikundi vya watu wenye hali moja huungana ili sauti yao isikike. Sura hizi zimeishi pamoja katika vipindi vyote, lakini kila kipindi kimekuwa na sura iliyotawala.

2.0 Ukanda wa Dhahabu na Kuingia kwa Ugonjwa

Uchimbaji katika eneo hili ulianza kabla ya UKIMWI kujulikana. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga, ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Baada ya mgodi wa Geita kufungwa, wakazi wengi wa eneo hilo waliendelea kutegemea pamba, mifugo na kilimo cha chakula. Hali ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, uchumi ulipoanza kulegezwa na Benki Kuu kuanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Makambi yalikua kwa kasi katika sehemu kama Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na Bulyanhulu.

Namna kazi ilivyopangwa katika makambi hayo ni muhimu kwa historia hii. Mwenye duara hugharamia chakula na vifaa. Wachimbaji wanaoingia chini ya ardhi, ambao huitwa nyoka, hawalipwi mshahara wa mwezi bali hupata mgawo wa mawe yaliyotolewa. Mtu aweza kukaa wiki nyingi bila fedha, kisha akapata nyingi kwa siku moja. Katika sehemu nyingi imani za wachimbaji ziliwazuia wanawake kuingia duarani. Wanawake walibaki juu, wakiponda mawe, wakipika, wakiuza pombe na kuendesha nyumba za wageni. Kipato chao kilitegemea fedha ya mwanamume aliyepata mawe siku hiyo, na uwezo wao wa kudai kondomu au kukataa ngono ulipimwa na utegemezi huo.

Kambi ya aina hii haikuwa kijiji. Mara nyingi haikuwa na zahanati wala daftari la wakazi, na ingeweza kutoweka katika msimu mmoja. Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walipoondolewa mwezi Agosti 1996 ili kupisha uwekezaji mkubwa, waliokuwa wakiishi hapo walilazimika kutafuta riziki kwingine. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo, bandari kavu ya Isaka iliongeza msongamano wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, na hivyo kuiunganisha Kahama na njia kuu ya maambukizi ya Afrika Mashariki.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, jirani ya magharibi ya Geita, ambako wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichopendwa wakati huo. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Serikali iliunda Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI mwaka 1988 chini ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo, kukua kwa makambi ya dhahabu na kuenea kwa VVU kulitokea kwa wakati mmoja, na eneo lilikuwa na vituo vichache vya afya vilivyomilikiwa na serikali na makanisa.

3.0 Kugawana Kazi: Muongo wa Utafiti, 1990–1999

Ushirikiano wa kwanza wenye mpangilio katika eneo hili ulitokana na utafiti. Wakati huo wilaya ya Geita ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mwanza, na Mwanza ilikuwa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mradi wa TANESA, uliofadhiliwa na Uholanzi, ulifanya kazi na jamii katika mkoa huo. Kati ya mwaka 1991 na 1994, NIMR, shirika la AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London waliendesha jaribio lililokuja kujulikana duniani kote.

Swali la jaribio lilikuwa rahisi: je, kutibu vizuri magonjwa mengine ya ngono kunapunguza maambukizi ya VVU? Jamii 12 zilishiriki. Nusu zilipata huduma iliyoboreshwa mapema, na nusu zilipata baadaye. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya serikali walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa kupatikana, wasimamizi walitembelea vituo mara kwa mara, na wananchi walielimishwa kufika kituoni mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika miaka miwili asilimia 1.2 ya washiriki wa jamii zilizohudumiwa walipata maambukizi mapya, ikilinganishwa na asilimia 1.9 katika jamii nyingine. Hilo lilikuwa punguzo la takribani asilimia 40. Jaribio la Rakai nchini Uganda, lililotibu watu wote kwa pamoja kwa vipindi, halikupata matokeo hayo, na mjadala wa sababu za tofauti hiyo uliendelea kwa miaka mingi.

Kwa madhumuni ya insha hii, jambo la kuzingatia ni mpangilio wa kazi ulioleta matokeo hayo. AMREF haikujenga zahanati zake sambamba na za serikali. NIMR haikuchukua kazi ya kutoa elimu kwa umma. Kila taasisi ilikuwa na sehemu yake, na sehemu zote zilikutana katika chumba kimoja cha matibabu, mbele ya mgonjwa mmoja. Kama dawa hazikufika, kila mbia aliona, kwa kuwa matokeo ya wote yaliharibika.

Mpangilio huo uliendelezwa katika mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza kutekelezwa mwaka 1999 katika wilaya za Geita, Sengerema, Kwimba na Misungwi. Taasisi zilezile zilishirikiana na wizara za afya na elimu kutoa elimu ya afya ya uzazi katika shule za msingi, kuboresha huduma kwa vijana katika vituo vya afya, na kuwatumia vijana wenyewe kusambaza kondomu. Jaribio lilihusisha jamii 20, na elimu ilitolewa katika shule 62. Maarifa na mitazamo ya vijana vilibadilika, lakini vipimo havikuonyesha kupungua kwa maambukizi ya VVU. Hata hivyo, mradi ulipanuliwa hadi shule zote 649 za msingi katika wilaya hizo nne, kwa kutumia maofisa wa halmashauri badala ya watumishi wa mradi.

Miradi hii miwili inafundisha mambo mawili yanayovutana. Kwanza, ushirikiano wa kugawana kazi uliweza kuingia katika mfumo wa umma na kupanuka. Pili, ushirikiano mzuri peke yake hauzuii maambukizi ikiwa msichana anayejua kila kitu kuhusu kondomu bado hana uwezo wa kuidai. Vilevile, majaribio yote mawili yalihitaji jamii yenye mipaka inayoweza kuhesabiwa na kufuatiliwa kwa miaka. Watu wanaohamahama ndio wagumu zaidi kufuatiliwa kwa utaratibu huo, na ukanda wa dhahabu ulikuwa umejaa watu wa aina hiyo.

4.0 Migodi Mikubwa na Swali Jipya, 2000–2008

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa kampuni kubwa. Mgodi wa Geita (GGM) ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Hofu iliyotawala wakati huo ilitokana na historia ya migodi ya Afrika Kusini, ambako wanaume walioishi mbali na familia zao katika mabweni ya migodi walihusishwa na kusambaa kwa magonjwa ya ngono. Ilitarajiwa kwamba mfanyakazi wa mgodi ndiye angekuwa kitovu cha maambukizi.

Utafiti uliofanywa na AMREF, NIMR na wenzao wa London katika jamii zinazopakana na migodi mipya ya kaskazini-magharibi, na kuchapishwa mwaka 2003, uliligeuza swali hilo. Kiwango cha VVU kilikuwa asilimia 6 kwa wanaume walioajiriwa mgodini, asilimia 16 kwa wanaume wengine wa jamii hizo, asilimia 18 kwa wanawake wa jamii, na asilimia 42 kwa wanawake waliofanya kazi katika baa, migahawa na nyumba za wageni. Takwimu hizo zilionyesha kwamba mzigo mkubwa ulikuwa nje ya uzio wa mgodi, na kwamba uliwaelemea zaidi wanawake ambao uchumi wa madini uliwavuta bila kuwaajiri.

Ushirikiano uliofuata ulijaribu kujibu hali hiyo. AMREF iliingia katika mpango wa pamoja na mgodi wa Geita, uliojumuisha elimu rika, upimaji wa hiari na tiba ya magonjwa ya ngono. Wakati huohuo AMREF ilikuwa ikiendesha mtandao wa kitaifa wa vituo vya Angaza, ulioanza mwaka 2001 kwa ufadhili wa Marekani. Vituo vingi vya mtandao huo viliwekwa katika hospitali za makanisa, vituo vya serikali na ofisi za asasi nyingine. AMREF ilileta mafunzo, usimamizi wa ubora na jina lililotambulika. Mwenyeji alileta jengo, watumishi na imani ya wananchi. Kwa mantiki ya insha hii, Angaza ilikuwa daraja kati ya sura mbili za ushirikiano: kazi iligawanywa mahali pamoja, lakini fedha na viwango vilitoka juu.

Chanzo kingine cha fedha kilitoka katika mgodi wenyewe. Mwaka 2002 GGM ilianzisha changamoto ya kila mwaka ya kupanda Mlima Kilimanjaro na kuuzunguka kwa baiskeli, ambayo baadaye iliendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS). Michango iliyokusanywa iligawiwa kwa asasi mbalimbali za UKIMWI nchini. Mpango huu umedumu kwa zaidi ya miongo miwili, muda mrefu kuliko miradi mingi ya wafadhili wa nje.

Pamoja na mafanikio hayo, wajibu wa kampuni una mipaka yake ya kijiografia. Kampuni huwajibika kwa wafanyakazi wake na kwa vijiji vilivyo jirani na leseni yake. Mchimbaji aliyehama kutoka Kakola kwenda Rwamgasa, na mwanamke aliyemfuata kwa biashara ya chakula, hawakuwa jirani wa kampuni yoyote kwa muda wa kutosha. Jaribio la dawa ya kufubaza virusi vya malengelenge, lililowahusisha wanawake wa baa na nyumba za wageni katika maeneo 19 ya kaskazini-magharibi na kuchapishwa mwaka 2008, lilionyesha kwamba wanawake hao waliweza kufikiwa na kufuatiliwa kwa mamia. Dawa yenyewe haikupunguza maambukizi ya VVU. Swali lililobaki ni nani angeendelea kuwahudumia baada ya watafiti kuondoka.

5.0 Fedha Nyingi na Mlolongo Mrefu

Mwezi Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. TACAIDS iliundwa kwa Sheria Na. 22 ya mwaka 2001, na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24, ikafuata mwaka 2002. Hatua hizi zilikwenda sambamba na ongezeko kubwa la fedha. Mfuko wa RFE, ulioanzishwa mwaka 2002, ulikusanya michango ya wafadhili kadhaa kwa ajili ya asasi za kiraia. Mradi wa TMAP wa Benki ya Dunia ulianza mwaka 2003 na ulikuwa na fungu la asasi za jamii lililosimamiwa na mawakala wa mikoa. Mfuko wa Dunia na mpango wa Rais wa Marekani, PEPFAR, vilileta kiasi kikubwa zaidi.

Utaratibu wa fedha hizi ulikuwa wa ngazi. Mfadhili aliingia mkataba na shirika kubwa lenye uwezo wa kihasibu. Shirika hilo likaingia mkataba na la kati. La kati likaingia mkataba na asasi ya wilaya. Na asasi ya wilaya ikawalipa posho waelimishaji rika na wahudumu wa majumbani. Kila ngazi ilidai ripoti kutoka chini na kupeleka ripoti juu. Utaratibu huu ulikuwa na sababu za haki: fedha za umma wa nchi nyingine lazima zitolewe hesabu, na asasi nyingi changa hazikuwa na mhasibu. Hata hivyo, uligeuza mwelekeo wa uwajibikaji. Asasi mbili za Kahama zilizokuwa zikihudumia mtaa mmoja ziliweza kuwa na wafadhili wawili, fomu mbili na malengo mawili ya idadi ya watu wa kufikiwa. Mtu mmoja aliyehudhuria mikutano ya asasi zote mbili alihesabika mara mbili, na asasi jirani ikawa mshindani katika kugombea ruzuku ijayo.

Serikali iliweka chombo cha kukabili hali hiyo, yaani kamati za kudhibiti UKIMWI za halmashauri, kata na vijiji. Kwa nadharia, kila asasi ilipaswa kuwasilisha mpango wake katika kamati ili kazi isirudiwe na kata isisahaulike. Udhaifu wa kamati ulitokana na jambo moja: ziliratibu fedha ambazo hazikupita mikononi mwake. Asasi iliyochelewesha ripoti kwa mfadhili ilipoteza mkataba. Iliyokosa kikao cha kamati haikupoteza fedha yoyote.

Sura ya tatu ya ushirikiano, ile ya uwakilishi, ilikua katika mazingira hayohayo. Shirika la SHDEPHA+, lililoundwa na watu wanaoishi na VVU katika miaka ya 1990, lilipata mizizi Kahama. Baadaye Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU, NACOPHA, liliunganisha vikundi vya wilaya katika mabaraza yanayoitwa konga. Konga ilikuwa na sifa ambayo mradi haukuwa nayo: wanachama wake hawakuondoka mkataba ulipokwisha, kwa sababu walikuwa wakazi wa mahali hapo na walihitaji dawa maisha yao yote. Waliweza kumtambua aliyeacha kuhudhuria kliniki na kumfuata hadi machimboni. Hata hivyo, nauli na posho za kazi hiyo zilitegemea mara nyingi ruzuku ileile iliyokuwa ikija na kuondoka.

6.0 Mipaka Iliyokata Ukanda, 2006–2020

Mfano ulio wazi zaidi wa hoja ya insha hii ni mgawanyo wa mikoa. Kuanzia mwaka 2006, huduma za tiba zilizofadhiliwa na PEPFAR ziligawanywa kwa mikoa, kila mkoa ukipewa shirika moja kuu. Shinyanga ilikuwa chini ya shirika la Elizabeth Glaser (EGPAF), Mwanza chini ya AIDSRelief, na Kagera chini ya ICAP ya Chuo Kikuu cha Columbia. Lengo lilikuwa jema, yaani kuzuia mashirika kugongana. Matokeo yake katika ukanda wa dhahabu yalikuwa kwamba Kahama na Bukombe zilikuwa na shirika moja, Geita la pili na Chato la tatu, ingawa mchimbaji mmoja aliweza kupita katika wilaya zote hizo ndani ya mwaka mmoja. Ingawa mgawanyo huu ulihusu tiba, uliigusa kinga pia, kwa kuwa upimaji, kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto na ufuatiliaji wa wenza vilipitia kliniki hizohizo.

Mwezi Machi 2012 mkoa wa Geita uliundwa kwa kuunganisha maeneo yaliyotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Hatua hiyo iliweka sehemu kubwa ya machimbo chini ya mkoa mmoja kwa mara ya kwanza, lakini Kahama na Msalala, zenye Buzwagi na Bulyanhulu, zilibaki Shinyanga. Wakati huo AGPAHI, shirika la Kitanzania lililoanzishwa mwaka 2011 kwa kuungwa mkono na EGPAF, lilikuwa limeanza kuchukua majukumu Shinyanga, na lilihudumia pia Simiyu.

Takwimu za kipindi hiki zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti wa viashiria wa 2003–04 ulipata kiwango cha kitaifa cha asilimia 7.0 kwa watu wa miaka 15 hadi 49; ule wa 2011–12 ulipata asilimia 5.1. Katika utafiti huo wa pili Shinyanga ilikuwa na asilimia 7.4, miongoni mwa mikoa ya juu, na Geita asilimia 4.7. Utafiti wa 2016–17 ulionyesha asilimia 5.9 Shinyanga na 5.0 Geita. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba asasi zilifaulu zaidi Geita kuliko Shinyanga, lakini hitimisho hilo halina msingi. Kiwango cha maambukizi huongezeka pia pale dawa zinapowafanya watu waishi muda mrefu, na wastani wa mkoa huficha kambi moja ndani ya mamia ya vijiji vya wakulima.

Asasi zenyewe zilitambua udhaifu wa mgawanyo na kujaribu njia nyingine. Wasukuma, walio wengi katika eneo hili, kwa desturi hawakuwa na jando la tohara. Hivyo mikoa hii ilichaguliwa mapema katika mpango wa taifa wa tohara ya kitabibu ya hiari, na IntraHealth iliendesha huduma hiyo Shinyanga na Simiyu kwa kutumia wauguzi na majengo ya serikali pamoja na kambi za muda vijijini. Mradi wa Sauti wa mwaka 2015 hadi 2020 uliongozwa na Jhpiego, ukiwa na EngenderHealth, Pact na NIMR ya Mwanza. Uliunganisha upimaji, uzazi wa mpango na vikundi vya kuweka na kukopa kwa wasichana na wanawake, na hivyo kurudi kwenye swali lililoachwa wazi na MEMA kwa Vijana, yaani uwezo wa kiuchumi wa kukataa.

Kipindi hiki kilionyesha pia utegemezi wa asasi kwa maamuzi ya serikali. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilisitisha huduma za VVU katika vituo 40 vya asasi vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari kubwa zaidi, na kuelekeza kwamba huduma hizo zitolewe katika vituo vya umma. Wadau walitofautiana kuhusu uamuzi huo. Kwa mtazamo wa kihistoria, ulidhihirisha kwamba asasi zilizokuwa na uhusiano wa kazi na zahanati ya karibu zilikuwa na mahali pa kuwapeleka wateja wao, na zilizojenga vituo vya peke yake hazikuwa na mahali hapo.

7.0 Hitimisho

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilifungwa rasmi. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya fedha zake za UKIMWI ilitoka Marekani, huo ulikuwa mtikisiko mkubwa. Mlolongo wa mikataba uliojengwa kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa na sifa ya mlolongo wowote: pete ya juu ikifunguka, zilizo chini yake huanguka pamoja. Mwelimishaji rika wa Kakola hakuwa na mkataba na Marekani, wala hakuwahi kuonana na mtu aliyeutia saini, lakini posho yake ilisimama kwa uamuzi wa siku moja.

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ushirikiano ulidumu pale palipokuwa na mambo matatu: mahali pamoja pa kutolea huduma, hasa kituo cha umma au cha kanisa ambacho hakihami, watu ambao maslahi yao hayaishi na mradi, kama wanachama wa konga, na chanzo cha fedha cha ndani, hata kiwe kidogo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yaliyoanzisha Mfuko wa UKIMWI chini ya TACAIDS, na michango ya kila mwaka ya migodi, yanaelekea upande huo wa tatu. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliyoruhusu mtu kujipima mwenyewe yanawapa wachimbaji wanaohama nafasi ya kujua hali zao bila kusubiri gari la mradi.

Kutokana na hayo, insha inapendekeza mambo matatu kwa watekelezaji na watafiti. Kwanza, halmashauri za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Geita, Mbogwe, Bukombe na Chato, ziwe na kikao kimoja cha uratibu kinachovuka mpaka wa mkoa na kuwashirikisha wamiliki wa maduara na wanawake wa makambini. Pili, sehemu ya ushuru wa huduma na michango ya kijamii ya migodi itengwe kwa ajili ya nauli na posho za konga na waelimishaji rika, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayosimama kwanza fedha za nje zinapokatika. Tatu, watafiti wa historia wakusanye sasa kumbukumbu za asasi za wilaya, yaani daftari za mahudhurio, mihtasari ya vikao na barua, kabla ofisi zilizofungwa hazijapoteza makabati yake.

Wanawake waliopimwa karibu na migodi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitoa damu yao ili hali ya eneo hili ijulikane. Zaidi ya miaka 20 baadaye, makambi mapya yanaendelea kufunguliwa, na wanawake wengine wanapika, wanaponda mawe na kuuza pombe katika mazingira yaleyale. Asasi zitakazobaki zitapimwa kwa uwezo wa kuwafuata wanawake hao kila wanapohama, hata pale mfadhili anapokuwa hana mkataba katika mkoa wanaohamia.